Nyumba Tisa za Mstari wa Saba

Vijana wangu, mlipokuja wiki ile na ramani zenu mkaniuliza wazee walikuwa wakiupangaje msitu kabla ninyi hamjazaliwa, niliwajibu kwa mzaha kwamba tulikuwa tunakisia. Mkacheka, mkanywa kahawa, mkaenda zenu. Sikuwadanganya, ila sikumaliza. Sasa nimekaa niandike yaliyobaki, kwa sababu kazi mnayoifanya ndiyo niliyoifanya, na madhara niliyoyafanya mimi ninyi mnaweza kuyafanya kabla ya chakula cha mchana, bila kumpiga mtu hata kofi.

Nilikuwa mpimaji wa miti. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilitembea katika misitu ya nyuma ya Bagamoyo, kuanzia Kiwangwa kuelekea bara, daftari kwapani na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Watu wa vijijini walituita watu wa mnyororo, kwa ule mnyororo tuliopimia ardhi. Walipotuona walituamkia vizuri, wakatupa maji, kisha wakasimama kutuangalia mpaka tumepotea machoni. Niliona ni heshima. Ilinichukua muda kutambua kwamba walikuwa wanahakikisha tumeondoka.

Kazi yenyewe ni hii. Msitu huwezi kuuhesabu wote, hata ukipewa umri wa Nuhu. Unafanya kama mpishi wa wali wa harusi: hali sufuria nzima, anachota kijiko anaonja. Kijiko chetu kilikuwa mistari. Bwana Miti, ndivyo tulivyomwita Mzungu aliyesimamia misitu yetu, alichora kwenye karatasi mistari iliyonyooka kutoka mashariki kwenda magharibi, mmoja kila baada ya minyororo kumi. Mnyororo mmoja ni futi sitini na sita. Sisi tuliifuata mistari hiyo msituni kwa panga na dira, tukahesabu kila mti mkubwa uliokuwa ndani ya upana wa mnyororo mmoja: mvule, mkongo, mtondoro, mpingo. Tulipima unene wake penye kifua cha mtu mzima, tukaandika. Ofisini waliichukua hesabu yetu wakaizidisha mara kumi. Kwa hiyo kila mti niliouandika ulisimama kwa niaba ya wenzake tisa ambao hakuna aliyewaona.

Kutokana na hesabu hizo Bwana Miti alijenga msitu mwingine wa karatasi. Aliugawa vitalu, kila kitalu akakipangia mwaka wake wa kukatwa, ili kitalu cha mwisho kikimalizika kile cha kwanza kiwe kimekwisha kuota upya na kukomaa. Jedwali lilikuambia utapata mbao kiasi gani mwaka gani, hata miaka ambayo sisi sote tungekuwa udongoni. Ni hesabu nzuri. Mpaka leo naipenda, na ndiyo maana nina uchungu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kibwana, Mkwere wa huko huko, msimamizi wa kundi letu la mnyororo. Hakujua kusoma. Lakini alikuwa anaugusa mti kwa kiganja akakuambia kama ndani umeoza, na akisema umeoza, ukatwe usikatwe, umeoza. Mimi nilikuja kwake na cheti cha shule na viatu vipya. Siku ya kwanza nilipima mvule penye mabawa ya mizizi, pale chini unapojitanua, nikaandika unene ambao ungetosha kujengea jahazi. Kibwana akaniuliza kwa upole kama nikimpima bibi harusi kwa ajili ya nguo huwa namzungushia utepe pamoja na kiti alichokalia. Watu wakacheka mpaka wakaweka mapanga chini.

Siku nyingine niliongoza mstari mzima huku panga langu limening'inia kiunoni, kando ya dira. Chuma huivuta sindano, nanyi mnalijua hilo, ila kujua na kukumbuka ni mambo mawili. Tulifyeka kutwa, tukatoka jasho la haki, na alasiri tukatokea mahali penye moshi. Nikamwambia Kibwana tumefika kijiji ambacho hakimo kwenye ramani. Akasema, "Kijiji hicho ni kambi yetu, na yule anayepuliza moto ni mpishi wetu." Nawapa hii bure: mwenye dira asibebe chuma, na mwenye chuma atembee nyuma yake hatua kumi.

Makosa hayo yalinifundisha kazi. Liko jingine ambalo halikunifundisha kitu kwa wakati wake, kwa kuwa nililiita wema.

Ilikuwa miaka ya thelathini, tunahesabu msitu uliokuwa ukiandaliwa kuwa hifadhi. Tulikuwa tumemaliza mstari wa sita, mstari tajiri, mivule mingi mpaka mkono uliniuma kuandika. Kabla hatujaanza wa saba, Kibwana aliniuliza kama hatuwezi kuuruka. Nikamwambia Bwana Miti haruki. Kesho yake, baada ya kufyeka tangu asubuhi, tukasikia mchi unatwanga mbele yetu, na mkuza wetu, ile njia nyembamba tuliyoifyeka kufuata mstari, ukatutoa uani kwa watu.

Mahali hapo palikuwa panaitwa Mkwajuni. Nyumba tisa za udongo, mihogo, mtama, na mapori ya miaka tofauti tofauti, maana walilima hapa miaka mitatu, wakaliacha shamba lipumzike, wakahamia pale, na baadaye wakarudi. Mkubwa wa pale alikuwa mwanamke, Bi Tatu, dada mkubwa wa Kibwana. Alitupokea, akatuwekea mihogo ya kuchemsha na maji ya mtungini. Nilipomaliza kula nikafungua daftari, kwani ndani yake mlikuwa na safu ya miti, na pembeni safu nyembamba ya nyumba, mashamba na makaburi. Nikamuuliza kwa adabu nyumba zake ni ngapi.

Bi Tatu akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Mwanangu," akasema, "sisi tumeshahesabiwa. Mara moja, na imetutosha."

Sikuelewa. Njiani, tulipokuwa tumekaa kivulini kunoa mapanga, Kibwana akanieleza. Wakati wa vita vya kwanza alikuja karani Mkwajuni na kitabu. Aliwapanga wanaume mstari, akawahesabu, akasema wanahesabiwa ili wagawiwe chumvi. Waliohesabiwa walibebeshwa mizigo ya jeshi mpaka kusini kabisa. Walitoka kumi na wanne, akiwamo mume wa Bi Tatu. Akarudi Kibwana peke yake, miguu imevimba, bila hata nguo ya wenzake ya kuwapelekea wajane. Wale ambao siku ile walikuwa wamekwenda kurina asali, hawakuandikwa, na hawakuchukuliwa. Tangu siku hiyo watu wa Mkwajuni walijua jambo moja kuhusu vitabu.

"Ukiwaandika, wapo," Kibwana akaniambia. "Usipowaandika, hawapo. Na asiyekuwepo hachukuliwi."

Nilikuwa kijana, nilimpenda mzee huyu kuliko nilivyoipenda kazi, na mihogo ya dada yake ilikuwa bado tumboni mwangu. Nikakubali. Lakini ukurasa hauwezi kubaki mtupu. Nikachukua hesabu za mstari wa sita, nikazihamishia mstari wa saba. Sikuzinakili vilevile, si mjinga. Nilipunguza mvule mmoja hapa, nikaongeza mikongo miwili pale, sehemu mbili nikaweka sifuri ili ionekane mtu alikuwa anaangalia kweli. Nyumba: hakuna. Mashamba: hakuna. Makaburi: hakuna. Niliona fahari. Nilijiona nimemficha kuku mwewe asimwone.

Bwana Miti alitukumbusha kila tulipotoka kwamba tuandike kila kitu. Hakutuambia kwa nini, na mimi sikumuuliza. Nawaomba mlishike hili kuliko yote niliyoandika: ukipewa safu ya kujaza, uliza inakwenda kufanya nini huko iendako.

Baada ya mwaka na zaidi ramani ikaja, imepakwa rangi. Palipokuwa na mbao nyingi palikolezwa kijani. Kitalu cha nne kilikuwa cheusi kwa ukijani wake, na katikati yake ulipita mstari wa saba. Uongo wangu ulikuwa umezidishwa mara kumi kama kila kitu kingine. Mivule ya kuazima niliyoipanda kwenye karatasi ilikuwa imezaa msitu mzima, na kitalu kikapangiwa kukatwa mapema kabla ya vingine.

Ndipo nikaisikia kanuni. Nyumba yoyote iliyoandikwa daftarini kabla mpaka haujatangazwa, mpaka ungeizunguka. Wenyewe wangebaki na mashamba yao katikati ya hifadhi, kama kisiwa, na hakuna askari wa kuwagusa. Kwenye mstari wa kumi na moja palikuwa na kitongoji kingine, watu wasiokuwa na kumbukumbu yoyote mbaya ya vitabu. Niliwauliza wakanijibu, nikawaandika. Hao wako pale mpaka leo, wajukuu zao wanauza mananasi.

Nilitumwa pamoja na askari kwenda Mkwajuni kuweka vigingi vya mpaka. Bwana Miti alikuja mwenyewe, maana aliposikia pana nyumba alishangaa. Sikumwona akiwa mtu mkatili siku ile. Alifungua daftari langu mbele ya Bi Tatu, akautafuta mstari wa saba, akasoma, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchonga kwamba hapa palikuwa msitu na hawa wameingia baada ya hesabu. Bi Tatu akaonyesha makaburi. Bwana Miti akasema makaburi ni ya zamani, huenda ni ya watu wengine. Hapo Kibwana akavua kofia yake akamwambia kwamba sisi tulilala hatua chache kutoka hapa, tulikula mihogo ya nyumba hizi, na huyu karani anajua.

Bwana Miti akanigeukia. Aliniuliza mbele ya wote mstari ulipita wapi.

Nataka mjue niliwaza nini, msidhani nilichanganyikiwa. Niliwaza jela. Niliwaza cheo cha upimaji mkuu nilichokuwa nimeahidiwa, na mke niliyekuwa nimeoa mwezi ule. Nikawaza pia kwamba watu watapata mahali pengine, nchi ni kubwa. Yote hayo yalipita kwa muda wa kumeza mate.

"Mstari ulipita msituni, Bwana," nikasema.

Kibwana alifukuzwa kazi palepale kwa kusema uongo ili kuwatetea ndugu zake. Nyumba zilivunjwa kabla ya adhuhuri, na paa zikachomwa ili zisirudishwe. Watu wakaelekezwa upande wa Ubena, nchi kavu, ambako maji ya kiangazi yanafuatwa mbali. Bi Tatu hakuvuka masika ya pili. Hakunilaani wala hakunisema, au kama alisema hakuna aliyenifikishia.

Mimi nikapata cheo changu.

Wakataji walipoingia kitalu cha nne wakakuta theluthi ya mbao zilizotabiriwa. Jedwali linasema mivule mia kadhaa, na pale pana mapori ya mihogo yaliyoota vichaka. Sasa, mtu anayeamini jedwali lake akikuta miti haipo hasemi jedwali limekosea. Anasema imeibwa. Na nani mwizi, kama si watu waliokuwa wakikaa humo? Askari wa msitu wakaanza kuwavizia. Wakamkamata Athumani, mwana wa Bi Tatu, ndani ya mpaka, ana panga na kamba. Alisema amekuja kufagia kaburi la babu yake na kuangua nazi. Alifungwa kwa wizi wa mivule. Mivule hiyo niliiotesha mimi kwa kalamu, nimekaa juu ya mzizi, siku ya jua zuri. Athumani alitoka gerezani anakohoa, na kabla mwaka haujaisha akafa.

Niliendelea kufanya kazi. Nililala, nilikula, nilizaa watoto. Nawaambia hivyo ili msingoje dhamiri iwazuie, maana yangu haikunizuia kitu.

Miaka ya hamsini mambo yalibadilika. Ndege ilipita juu ikapiga picha, na badala ya kutokwa jasho mikuzani tukawa tunainama mezani juu ya kifaa cha vioo viwili, na msitu unainuka machoni kama umekunjuliwa. Sisi wazee wa mnyororo tulikitukana kifaa kile mchana, na jioni tukapanga foleni tukichungulie tena. Bwana Miti wa zamani alikuwa ameshastaafu. Mpya alikuwa kijana, mwepesi, mwenye kutaka kila hesabu ieleweke, na kitalu cha nne kilikuwa kinamnyima raha.

Siku moja asubuhi akaniita. Kwenye picha, katikati ya kichaka, alikuwa ameona vinyota vidogo vyeupe, kumi na viwili, vimepangana. Akaniuliza ni mti gani wa mwituni unaoota kwa mstari.

Nikachungulia. Ilikuwa minazi. Kule Mkwajuni kila mtoto alipozaliwa walimpandia mnazi nyuma ya nyumba, na nyumba zilikuwa zimekwisha, minazi ikabaki imesimama uani pasipo na ua. Nikajiondoa kwenye vioo, nikaishika meza. Yule kijana akanivutia kiti, akidhani ni joto.

Nikamwambia yote. Mihogo, kiganja cha Bi Tatu, mstari wa sita, vigingi, Athumani. Nilisema kwa utulivu kwa sababu nilikuwa nimeshakubali kwamba nitatoka pale na polisi, na kwa kweli nilitamani. Nilitumaini kwamba kosa likiandikwa, labda waliobaki wangerudishiwa japo kisiwa chao. Ndicho kitu pekee nilichotaka duniani asubuhi ile.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akafungua kitabu cha mpango, akauchukua wino mwekundu, akakata hesabu za mstari wa saba kwa rula, akaanza kuzipunguza mbao za kitalu cha nne ukurasa hadi ukurasa, akinong'ona tarakimu. Uso wake ukang'aa. Aliniambia nimemsaidia sana, kwamba wengine wangeficha, na kwamba sasa jedwali litakubaliana na msitu. Nikamuuliza kuhusu watu. Akafikiri kwa haki kabisa, akasema mpaka umekwisha kutangazwa, na picha hii ni ya sasa, na kwa sasa pale hapana mtu.

Mchana ule nikaenda kwa Mzee Kibwana. Tangu afukuzwe alikuwa anakaa mjini Bagamoyo kwa binti yake, na kila tulipokutana njiani nilimwamkia shikamoo naye aliitikia marahaba, asiongeze neno. Nilimkuta barazani anatia mpini kwenye jembe. Nikamwambia nimekwenda kusema kweli, na kitabu kimerekebishwa.

Akaacha kugonga. Akaniuliza wameandika nini.

"Wamefuta mivule," nikasema. "Wameandika minazi kumi na miwili, haifai kwa mbao."

"Na watu?"

"Hapana, Mzee."

"Athumani je? Alifungwa kwa mivule hiyo mliyoifuta."

Nikamwambia kitabu kile ni cha miti tu, safu ya Athumani haimo.

Kibwana akaliweka jembe chini, akaniangalia kama siku ile nilipofika kwake na viatu vipya.

"Miti ambayo haikuwepo uliweza kuiandika," akasema. "Mtu aliyekuwepo ndiye aliyekushinda?"

Hakungoja nijibu. Aliliokota jembe lake akaingia ndani, na binti yake akaja kunieleza kwa adabu kwamba baba amechoka.